Picha ya Shamba la Mama

Jumanne, 3 Juni

Nimekamua, nimechemsha chai, nimefagia. Halafu nimeipiga picha tena ngozi yangu ya shanga. Mbaya. Zote.

Ndani hakufai. Nikiwasha flashi, shanga za katikati zinakuwa doa jeupe na pembeni kunabaki giza. Nje saa sita jua linapiga kutoka juu, kila ushanga unaangusha kivuli chake, mistari ya shamba inapotea. Nikiilaza ngozi chini nikasimama juu yake, upande wa miguuni kwangu unakuwa mpana na wa kule mbele mwembamba. Kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

Neema wa Arusha, yule dada wa ukumbi wa maonyesho, anataka picha tano kabla ya tarehe ishirini kuisha. Wanachagua washiriki kwa picha tu. Hakuna atakayepanda mpaka Nambis kuja kuangalia ngozi zangu. Nne ameshazikubali, zile ndogo. Ya tano ndiyo kubwa, na aliniambia wazi kwenye simu: bila ile kubwa, Mama Filo, sina la kuwaonyesha wenzangu.

Najua. Ile ndiyo kazi. Nyingine nilikuwa najifunza.

Ni shamba la mama kule Maretadu, linavyoonekana ukisimama kwenye mteremko wa juu. Mahindi, maharage, mfereji, na chini kabisa nyumba yetu na mlango wake wa bluu. Nimelishona kwa shanga juu ya ngozi ya ndama, misimu miwili ya mvua. Kaka zangu waliliuza kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Hawakuniuliza, mimi ni wa kuolewa. Sasa lipo kwenye ngozi tu.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata kitu leo. Kivuli! Si ndani, si juani. Ukuta wa nyuma wa banda la ng'ombe, upande usiopata jua. Mwanga unakuja taratibu pale, unaenea sawa, hakuna ushanga unaomzidi mwenzake.

Nimegongomelea shuka nyeupe ukutani. Kwanza Baba Filo alinishikia ngozi. Mume wangu ana nia njema lakini anapumua. Kila picha ina vidole vyake vinne na ngozi imepinda upande wa tumbo lake. Nimemwambia aende zake, nikaitundika kwa vibanio, simu nikaiegesha juu ya debe, usawa wa katikati ya ngozi. Neema alishasema: simu isiangalie juu wala chini, itazamane na kazi uso kwa uso.

Nikaona ukungu kwenye picha na nje hakuna ukungu. Kioo cha kamera kilikuwa na mafuta ya maziwa. Siku zote hizi! Nimekifuta kwa kanga, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Ikawa imeshakuwa jioni. Nyekundu zote zimetoka kahawia. Narudia kesho asubuhi.

Alhamisi, 5 Juni

Sijapiga picha yoyote.

Asubuhi tulikuwa na kikao cha kigango. Padri wetu amehamishwa, anakwenda Hanang, huko Dirma. Jumapili ndiyo misa yake ya kuaga. Watu wakaanza kutaja zawadi: huyu kondoo, yule debe la maharage. Baba Filo ni mwenyekiti. Akasimama, akakohoa, akasema familia yake itamvisha padri ngozi ya shanga, ile kubwa.

Hakunitazama. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Nimekaa hapa naandika na bado sijisamehe kwa vile vigelegele, lakini ningefanya nini, ninyanyuke mbele ya kigango nimkane mume wangu?

Nyumbani nimemuuliza. Akasema, "Si zipo nyingi humo ndani?" Nikasema apewe ndogo basi, hata mbili. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage mlangoni, akasikia. "Padri apewe kadogo? Aliyebatiza watoto wako wote?" Mama mkwe hajibiwi. Nimesema, ndiyo Mama.

Nina siku mbili. Ikishatoka nje ya lango hili, picha ndiyo itakayobaki. Nataka ibaki nzuri. Nataka kila tuta lionekane. Mara ya kwanza shamba liliondoka sina hata picha moja.

Ijumaa, 6 Juni

Jua kali tangu asubuhi, na upepo. Hata kule nyuma ya banda mwanga ulirudi kutoka kwenye bati la jirani, ukachora mstari mweupe katikati ya mahindi. Ngozi inapigapiga ukutani. Vibanio vimeruka. Picha zimetoka kama mtu aliyetikisika.

Miaka yote nimelaani ukungu wa Nambis, leo nimeutafuta mbinguni sijauona. Neema ameniandikia: subiri mawingu, mawingu ni rafiki. Rahisi kwake. Kwake hakuna anayeondoka na ngozi Jumapili.

Mchana nilipaswa kwenda mnadani kununua mchele wa sherehe. Ya padri huyohuyo. Nimeikunja ngozi, nimeiweka juu ya kabati.

Jumamosi, 7 Juni

Ukungu! Nilipofungua mlango sikuuona hata mti wa jirani. Nilisubiri unyanyuke kidogo, ukanyanyuka, ukabaki juu kama shuka. Mwanga mweupe, mpole, umetulia. Hakuna upepo. Asubuhi niliyoiomba.

Nikatundika shuka. Nikafuta kioo. Nikapanga debe. Nikaenda kuchukua ngozi kabatini.

Ilikuwa inang'aa.

Jana nilipokuwa mnadani, Mama mkwe aliishusha akaipaka samli. Yote. Ameisugua mpaka katikati ya shanga, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilimkuta jikoni, nikamwamkia shikamoo, nikasimama na ngozi mkononi. Akasema kwa upole, "Ngozi haiendi kwa mgeni imekauka, mwanangu. Watasema nyumba hii haina ng'ombe." Alitegemea nimshukuru. Nimemshukuru.

Na ni kweli. Hata mama yangu angeipaka. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa.

Nimepiga picha mpaka simu ikazima. Mwanga wote niliouomba umekaa juu ya mafuta. Nikisimama kushoto, maharage yanawaka meupe. Nikisimama kulia, mfereji unawaka. Nikiwa katikati, najiona mwenyewe, kivuli cheusi chenye simu. Nimejaribu kuinyonya kwa unga wa mahindi. Unga umeingia katikati ya shanga, shamba likaonekana limeangukiwa na barafu. Mchana wote nimekuwa nauchokonoa kwa sindano. Mafuta hayakutoka. Ngozi ikishakunywa imekunywa.

Nimechoka na nawachukia wote. Mama mkwe simchukii. Nimejaribu, nimeshindwa.

Jumapili, 8 Juni

Imekwenda.

Baba Filo na Mama mkwe walimvisha mabegani. Ilimpendeza, nisiwe mwongo. Ilimeremeta. Mtangazaji akasema zawadi ya familia ya mwenyekiti. Familia ya mwenyekiti ikashangiliwa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye sufuria za pilau.

Simu zikatoka kila upande. Watu wamepiga picha mpaka basi. Usiku kundi la kigango kwenye simu limejaa. Nimezifungua moja moja. Padri anacheka, mwenyekiti anacheka, na shamba limekunjika mabegani, nusu huku nusu kule. Moja ina maua yanayorukaruka yaliyowekwa na mtu wa kwaya. Hakuna hata moja unayoweza kuhesabu matuta.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimtumia Neema zile za samli, nikachagua zenye mng'ao mdogo. Amejibu leo, kwa adabu, na ile adabu ndiyo imeniuma. Anasema hawezi kuziwasilisha, kazi haionekani, ni kama kuangalia kioo. Kama ngozi bado ninayo nirudie. Kama sina, nimwombe aliye nayo anipigie: ukutani, kivulini, moja kwa moja.

Nimwombe padri. Yaani umpe mtu zawadi, halafu baada ya siku chache umwandikie kuulizia habari zake. Baba Filo amesema ni aibu, padri atadhani tunaitaka irudi. Nimemjibu kwamba mimi kweli naitaka irudi. Ni mara ya kwanza nimemjibu hivyo. Amevaa kofia akatoka.

Jumatano, 18 Juni

Nimeandika ujumbe, nimefuta, nimeandika. Mwishowe: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Habari za Dirma. Naomba kama hutajali unipigie picha ile ngozi, ikiwa tambarare, bila flashi, nina shughuli nayo kidogo. Ni mimi niliyeishona.

Ile sentensi ya mwisho niliifuta mara kadhaa. Nimeiacha.

Hajajibu. Keshokutwa ni tarehe ishirini.

Alhamisi, 19 Juni

Picha imekuja.

Ni nzuri. Mungu wangu, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Imepigwa kutoka juu, simu imetulia sambamba, pembe zote nne zimekaa mraba. Mwanga unatoka dirishani, laini, na mafuta yamekauka, hakuna mng'ao hata chembe. Nyekundu ni nyekundu. Naweza kuhesabu matuta. Nimeyahesabu. Yapo yote.

Iko sakafuni, pembeni ya kitanda. Na chini kabisa, juu ya nyumba yetu, yamekaa makobazi ya padri, yamepangwa vizuri, pamoja.

Ameandika: "Milele amina, Mama Filo. Sikujua ni mkono wako, hongera sana! Kila asubuhi naikanyaga kwanza kabla ya sala, sakafu ya huku ni baridi sana. Nakukumbuka katika misa."

Nimetafuta kosa lake sijaliona. Ngozi ni ya nini kwetu? Babu zetu walilalia ngozi, walikalia ngozi. Amepewa ngozi, ameitandika. Angeitundika ukutani wangemcheka. Ni mimi niliyeshona shamba mahali pa kukanyagwa.

Nimelia. Kisha nikakasirika kwamba nimelia, maana nina kazi za kufanya.

Nikamtumia Neema ilivyo. Amepiga simu papo hapo, sauti juu: Mama Filo, hii ndiyo! Hii ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri! Nani amepiga? Akasema kasoro ni moja ndogo tu, yale makobazi. Nikate upande wa chini nimrudishie, kesho ndiyo mwisho.

Nikate upande wa chini.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua ndogo. Nimebaki nyumbani.

Asubuhi nilimuuliza padri kama anaweza kusogeza makobazi apige tena. Amejibu yuko safarini vigangoni, atarudi Jumapili. Ameomba radhi.

Nimefungua picha. Nikaweka kidole kwenye mstari wa chini, nikaupandisha taratibu. Makobazi yakaanza kuondoka, visigino kwanza. Mlango wa bluu ukaondoka. Nyumba. Nikajaribu kubakiza paa, lakini ncha ya kobazi moja ilikuwa imelala juu ya paa, kwa hiyo paa nalo. Nikasimama penye mfereji. Juu ya mfereji kila kitu ni safi.

Limebaki shamba zuri, lisilo na kwao.

Nimetuma. Neema amejibu: safi kabisa, imepita.

Baba Filo alikuja akasimama nyuma yangu, akauliza naangalia nini muda wote huo. Nimemwambia picha imetoka vizuri.