Mkono wa Wijdan

Jumapili, 8 Septemba
Daktari wa Amman kapiga simu asubuhi. Mishipa ya mkono wa mteja wangu Wijdan bado inaweza kuunganishwa — ila upasuaji ufanywe mapema, si wa kungoja mwaka mwingine. Mkono wa kulia, wa mkasi! Msusi afanye nini bila huo? Nikampigia papo hapo. Akauliza kama ataweza tena kupamba maharusi. Inshallah, nikamwambia, bima ya kampuni ya lori ikilipa. Na italipa! Fundi niliyempeleka kulikagua lile lori la maji lililomgonga anasema breki zilikwisha zamani, na kampuni ilijua.
Nina furaha. Nimekula halua ya kunafa ya watu wawili.

Jumanne, 10 Septemba
Balaa. Kampuni haitaki tuonane mahakamani, inapitia mlango wa nyuma. Imeusukuma ukoo wa dereva ulete wazee nyumbani kwa Abu Sayil, baba yake Wijdan, Ijumaa baada ya alasiri, kuomba msamaha. Watamiminiwa kahawa, hawatainywa mpaka ombi lao likubaliwe. Mwenye nyumba akishatamka tu "kunyweni kahawa yenu", basi — amewapa yote waliyoomba. Kesho yake familia itatia saini ya kuifuta kesi, maana hapa Karak mtu halirudishi neno alilolisema mbele ya watu. Mwaka jana mteja wangu aliyevunjika mgongo alipoteza kesi hivyo hivyo.
Wijdan mwenyewe anataka dereva asamehewe. Kijana huyo, Fawwaz, yuko rumande, na siku ya ajali ndiye aliyembeba hadi hospitali, huku analia. Sawa, nami namhurumia. Lakini kampuni? Thubutu!

Jumatano, 11 Septemba
Mazoezi sebuleni kwa Abu Sayil. Mimi nikawa mkuu wa wazee. Nikajitia sauti nzito, nikaweka kikombe chini. Yeye alitakiwa aseme: dereva tumemsamehe, haki yetu kwa kampuni iko palepale, sasa kunyweni. Kitu chepesi!
"Kunywa, mwanangu, itapoa!"
Mkewe, Umm Sayil, akacheka hadi akashika ukuta. "Ndiye mume wangu huyo! Mwizi akiingia humu, atamchinjia kondoo!"
Tukarudia. Akaninywesha tena. Mara ya tatu akakasirika. "Wakili, nawe si mtoto wa hapa hapa? Mgeni ana kikombe mbele yake, nami nimpangie masharti? Watu watanisemaje?" Nikamwambia watasema ana binti mwenye mikono miwili. Akatoka kwenda kutazama kondoo wake.
Nilirudi nyumbani na hasira, halafu nikalia kidogo. Nampenda mzee huyu, ndiyo shida.

Alhamisi, 12 Septemba
Abu Sayil hapokei simu. Wijdan anasema baba hajala tangu jana. Anakaa tu, anautazama mkono wa binti yake uliofungwa.

Ijumaa, 13 Septemba
Naandika jikoni kwa Umm Sayil, kando ya masufuria ya mansaf, nyama ya kondoo na wali wa wageni. Mlango wa sebule uko wazi kidogo. Wamejaa mpaka uani! Mkuu wao ni pasha, jenerali mstaafu, ulimi wote asali. Kaisifu nyumba, kawasifu mababu, kaweka kikombe chini. Halafu — laghai huyu! — kaomba msamaha kwa ajili ya dereva "na kampuni yake, na kila aliyeguswa na jambo hili".
Abu Sayil hajasema kunyweni. Umm Sayil kaning'ang'ania bega mpaka linauma.
Anasema! "Karibuni, nyumba ni yenu. Lakini, Pasha, mnaniomba kisicho changu. Mkono ulioumia si wangu. Mwenyewe yumo ndani. Muulizeni yeye."
Hili hatukulifanyia mazoezi! Mwanamke aitwe mbele ya wazee? Sijaona maishani mwangu. Pasha anakohoa. Mtu ananong'ona kwamba si desturi. Abu Sayil, kwa upole uleule: "Desturi ni kumwomba aliyekosewa. Au sivyo?"
Hapa jikoni Wijdan kaganda. Anajaribu kujifunga mtandio kwa mkono mmoja, mama yake anamfungia. Kanigeukia. "Wakili, nisemeje?" Mimi, niliyeongea wiki nzima! Nimemwambia tu: sema unachotaka.
Kavuta pumzi. Kaingia.
Nasikia viti vinasogea. Kimoja, kisha kingine, kisha vingi. Wanainuka kwa heshima yake — wazee wote wale, na pasha pia, wanasimama —