Sare ya Kumuaga Kipa

Al Amerat, Maskati
9 Februari 2025

Khaloo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai presha imetulia na miguu haivimbi tena. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Khawla na watoto wanakusalimu, na Khawla anasema achari yako ya ndimu imekwisha. Nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga kwa sababu ya sikio lako; juzi nimekuuliza habari za afya, ukanijibu bei ya samaki.

Nina jambo. Msimu huu ukimalizika natundika daruga. Nina miaka thelathini na minane, Khaloo, na goti la kulia limechoka kuangukiwa. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Ghassan, kaniahidi mbele ya wenzangu wote: mechi ya mwisho, mwezi wa tano, nitaanza mimi golini. Nidake dakika kumi, kisha mchezo usimamishwe, wachezaji wa timu zote mbili wapange mistari miwili, nipite katikati nitoke. Ndivyo anavyoagwa mchezaji huku.

Nataka uje. Tangu mama, dada yako, afariki umenilea wewe, umenifulia jezi, umenichapa kwa ajili ya kioo cha jirani nilichokivunja kwa mpira, na hujapata kuniona nacheza hata siku moja. Nataka unione hiyo moja. Sina ninachokitaka zaidi ya hicho.

Mwanao,
Muatasim

Unguja
12 Februari 2025

Muatasim mwanangu,

Waalaykum salaam, marahaba baba. Mie sijambo, presha hupanda nikisikia mambo yako tu. Kustaafu! Ami yako Humaid ana sabini na mbili na bado anatafuta mke, weye unanambia umechoka?

Nakuja. Tena siji peke yangu kama mkiwa. Mtoto anaagwa, watu wasivae sare? Nshakwenda dukani na jirani yangu Ruqaya, tumechagua kanga za kijani na nyeupe, rangi za klabu yenu. Nimeuliza, usidhani sijui kitu. Zangu mie, zake Ruqaya, na doti nyengine nnampelekea wifi yangu Shaikha hapo Bawshar awagawie wenzetu. Tutakaa safu moja, wanawake watupu, watu waulize hawa ni wa nani. Itakuwa shughuli hiyo!

Na baada ya hapo utafanya nini? Hilo hukuniandikia.

Khaloo yako,
Mahbuba

Al Amerat
6 Aprili 2025

Khaloo yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo, na Idi njema iliyopita. Tambi ulizotutumia tulizila zote. Goti ndiyo hivyo hivyo.

Nakuomba, hizo sare punguza. Huku mpira si harusi. Wanawake wa Bawshar washaanza kumwuliza Khawla chakula kitapikwa kwa nani. Na mambo yamebadilika. Tuko karibu na mkia wa ligi, tunaweza kushuka daraja, na klabu imeleta kocha mpya asiyejua ahadi ya mtu. Kaniweka benchi. Golini anakaa Hisham, mwenzangu, hodari wallahi, simlaumu. Nimemwendea Ghassan kumkumbusha, kanipiga bega, kasema inshallah. Unazijua inshallah za namna ile.

Umeniuliza nitafanya nini. Sijui. Kazi ya wizarani niliiacha nilipopata mkataba wa kulipwa, na niliokuwa nao pale leo ni wakurugenzi. Kaka yake Khawla anataka nikauze naye matairi. Tangu utoto nasimama golini, Khaloo, sina kitu kingine ninachokijua. Nikiifikiria asubuhi ya baada ya mechi ya mwisho, naogopa. Hizo dakika kumi ndizo ninazozishikilia, nimalizie kama mtu.

Mwanao,
Muatasim

Unguja
8 Aprili 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Mie mzima.

Kanga zishakatwa, zishapindwa, na tikiti nshakata. Sasa niwaambie watu nini? Huyo kocha naye kazaliwa na mtu, hawezi kukufanyia hivyo mbele ya wazee wako. Acha kujitia unyonge. Kula vizuri, lala, na hilo goti lipake mafuta ya karafuu niliyompa Khawla.

Khaloo yako

Unguja
25 Mei 2025

Muatasim, kipenzi changu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama. Ndege ilitikisika, Ruqaya akasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti mpaka wakamletea maji. Hujambo weye? Goti je? Usiku ule wa mechi tulikungoja kwa Shaikha kwenye biriani hukutokea, na siku ya kuondoka Khawla kanipeleka uwanja wa ndege peke yake, kasema umelala. Nikasema mwacheni, kachoka, ana haki.

Mwanangu, nimekuona! Watu bado wanatafuta pa kukaa, nikakuona unatoka na jezi ya manjano, unasimama golini. Wanakupigia mipira, huku, kule, nawe unaidaka. Unaruka na goti lako hilo! Nikapiga kigelegele, na safu nzima ikaitikia. Askari akaja kutwambia tukae, Ruqaya akampa halwa, akanyamaza. Baadaye nikaiona na ile mistari miwili, wanapeana mikono. Kwa mbali sikukupambanua weye ni yupi, lakini nililia mpaka ushungi ukarowa. Kisha ukampisha yule mwenzako golini, ukaenda kukaa kando na wakubwa, kwa adabu zako. Ningekufa siku ile nisingedai kitu.

Nshawahadithia mtaa mzima. Alkhamisi ya wiki ijayo nnasoma maulidi ya kushukuru. Niletee ile video, niwaonyeshe.

Khaloo yako,
Mahbuba

Al Amerat
3 Juni 2025

Khaloo,

Assalaam alaykum. Shikamoo.

Usisome maulidi. Hakuna video.

Ulichokiona haikuwa mechi. Makipa wote hutoka kabla, wakapigiwa mipira ya kupasha misuli, mechi yoyote ile. Haihesabiwi, hakuna anayeitazama. Hapo ndipo mliponipigia vigelegele, na Hisham akaniuliza, "Wale wako?" Nikamwambia ndiyo, wangu. Na ile mistari ni ya salamu za kabla ya mchezo. Mimi sikuwamo, nilikuwa nishakaa benchi.

Nimekaa hapo mpaka mwisho. Bila kwa bila, na pointi ile moja ndiyo iliyotuokoa tusishuke. Zilipobaki dakika chache nikavaa glavu, nikamsimamia kocha mbele. Akaniambia, "Kaa chini, unanizuia kuona." Filimbi ikalia, Ghassan akashuka akawakumbatia wenzangu mmoja mmoja, akanipita. Siku ya pili wakanitoa kwenye kundi la simu la timu. Hakuna aliyeniaga, Khaloo. Hata mmoja.

Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia kwa nguvu watoto wasinisikie. Sijakukasirikia. Lakini kila ukiisema furaha yako ile nahisi wananikalisha benchi upya. Asubuhi nafungua macho sioni sababu ya kuinuka. Niache kidogo.

Muatasim

Unguja
4 Juni 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Nimesoma, nimesoma tena, nimempa Ruqaya anisomee, maana sikuyaamini macho yangu.

Kumbe ndiyo maana watu walikuwa wanatutazama vile. Kumbe nimekutia aibu mbele ya wenzako, na kanga zangu. Ole wangu mie! Na ulipokuwa umekaa pale unaungulika, mie nnakupungia mkono. Nisamehe, baba. Maulidi nimeyavunja, nimewaambia nnaumwa, na si uwongo.

Njoo Unguja. Chumba chako kipo, kitanda kipo. Hutaulizwa na mtu, nitamziba kila mmoja mdomo. Njoo ulale tu, mie nitapika.

Khaloo yako

Unguja
29 Juni 2025

Muatasim,

Assalaam alaykum. Tiki zimekuwa buluu, basi umesoma. Mbona kimya?

Khawla kaniandikia. Anasema hutoki chumbani, hata Ijumaa msikitini huendi, na kaka yake alipokuja kwa habari ya kazi umegeukia ukutani. Mwanangu, unanitisha. Kama una hasira nami, nitukane. Nitukane hata matusi makubwa, mie nitayapokea. Lakini andika.

Khaloo yako

Unguja
17 Agosti 2025

Baba,

Assalaam alaykum.

Khawla anasema simu anakuwekea karibu na mto, na huigusi. Basi atakusomea yeye.

Sikuulizi habari ya mpira. Sikuulizi kazi. Safari usiitaje kama huitaki. Hujambo? Nijibu hilo tu, mwanangu. Hujambo?

Khaloo yako