Mwanamke wa Mbele ya Kila Jengo

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kisulisuli,

Naomba barua hii ikukute umekula, maana mwenye njaa hasomi barua ya mjomba wake hadi mwisho. Mgongo wako vipi, na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, ulimi haujambo kabisa. Mimi meno yamebaki machache, ila yaliyobaki ni ya kazi. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wanaosema mzee yule hajasoma, waje waone.

Kwenye simu ulisema nisikutumie tena kadi. Ulisema, "Mjomba, sitaki kumwona mwanamke aliyenitupa akaenda kutembea." Ukakata. Sijakasirika. Nilikasirika, lakini yameisha. Sasa kaa chini uisome yote, ukiisoma nusu utajuta.

Unajua ninavyokusanya picha za zamani za majengo ya taifa. Kadi za posta, kalenda, stempu, majalada ya madaftari, hata viberiti. Mkaza mjomba wako ananiita Bwana Makaratasi. Mimi nakusanya kwa haki. Ile mahakama kuu, nguzo ya tatu kutoka kushoto nilipiga plasta mimi, na haijapasuka mpaka leo. Za wenzangu zote zimepasuka.

Basi kwenye kadi ya stesheni kuu ndipo nikamwona mama yako. Yuko kwenye ngazi, gauni la madoa, shingo ameilaza upande kama alivyokuwa akiilaza akisikia jina lake. Uso ameugeuza, lakini dada yangu namjua hata kwa kisogo. Halafu nikamwona mbele ya mahakama. Mbele ya mnara wa saa. Mbele ya bunge, mbele ya benki. Gauni lile lile. Nikawa nanunua mbili mbili, moja yangu, moja nakutumia wewe. Ya stesheni tu ndiyo sikupata ya pili. Mwisho nikampata mbele ya mnara wa uhuru, na mnara ule ulizinduliwa wakati sisi tumeshachoka kumtafuta. Wewe ulikuwa umeanza shule. Nikasema, kumbe yu hai, anazunguka nchi.

Nilizibandika zote ukuta mmoja, sebuleni. Mkaza mjomba wako akahamishia kiti chake jikoni. "Siwezi kupewa kisogo na wifi nyumbani kwangu," akasema. Nilimcheka, lakini hata mimi, nikipita pale mchana na kikombe changu cha chai, nilihisi nimempita mtu bila kumsalimia. Nikaanza kumsalimia. Nikiamka, "Dada, umeamkaje?" Nikitoka, namuaga. Siku moja nikamuuliza alikokwenda, kisha nikasimama pale kusubiri jibu mpaka chai ikapoa.

Kilichonishtua ni kivuli. Mwashi hudanganywa na vingi lakini si na jua. Kwenye kadi ya mahakama, vivuli vya nguzo vinalala kulia, cha mama yako kinalala kushoto. Kwenye mnara wa uhuru hivyo hivyo. Mtu gani anatembea nchi nzima na jua lake mwenyewe?

Nikazibandua, nikampelekea Babu Wino, mpiga chapa wa zamani. Zote zilitoka kwenye mtambo wake. Siku hizi anaishi kwa bintiye, juu ya duka la miwani, na bado haoni. Akazisogeza mpaka puani, akacheka.

"Huyu? Kumbe bado yupo."

"Huyo ni dada yangu," nikamwambia. "Cheka taratibu."

Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba jengo lisilo na mtu mbele yake halina ukubwa, ukilitazama utadhani ni sanduku. Na watu wa zamani wakiona kamera walitawanyika kama kuku. Basi siku moja pale stesheni akapata mwanamke mmoja aliyetulia. Akampiga picha, akamkata humo kwa mkasi pamoja na kivuli chake, na tangu hapo kila picha ya jengo akawa anambandika mbele kabla ya kuchapa. Hata stesheni yenyewe alimbandika upya, pale pale aliposimama.

"Alinifaa sana," akasema. "Hakuwahi kuchoka."

Kwa hiyo, mpwa wangu, mama yako hakutembea popote. Bunge hakufika, mnara hakuuona. Mimi nilisema nimemwona, na nimemwona, sikukosea. Lakini ile miaka niliyokuwa nimempa, ya kuwa hai mahali fulani, yule mzee aliichukua akiwa anatafuta miwani yake. Nikakusanya kadi zangu, nikainuka.

Nilishafika mlangoni akaniita. "Mzee mwenzangu. Alikuwa na mtoto."

Nikarudi, nikakaa.

Akasema alikuwa amemshika mkono mtoto mdogo, na mtoto hakutulia hata kidogo, akatokea kwenye picha kama moshi. Moshi haukufaa. Mkasi ukapita kati ya vidole vyao.

Jina la Kisulisuli hatukuliokota jalalani, unajua.

Zitoe zile kadi, kama hujazichoma. Tazama mkono wake wa kushoto. Mimi nilidhani amebeba kikapu, wino ukafifia. Hapana. Vidole vimekunjwa nusu, mkono umeshuka chini kidogo, kwa kimo cha mtoto. Mbele ya bunge hivyo, mbele ya benki hivyo. Amesimamishwa nchi nzima akiwa amekushika, na wewe hupo.

Alikokwenda baadaye sijui, na sitakutungia. Ila aliyetupa mtoto hashiki vile.

Nimezirudisha ukutani. Mkaza mjomba wako amerudisha kiti, amekiweka chini ya stesheni, anashona pale. Kadi hiyo situmi kwa posta, hata ulie. Kwenye hiyo peke yake kivuli chake na vya nguzo vinalala upande mmoja. Njoo uitazame mwenyewe, ukiwa umesimama kushoto.

Msalimie mkeo, na binti yako Kasuku, mwambie babu bado anasubiri ule wimbo. Mkaza mjomba wako anasema ule chakula.

Mungu akushike mkono, na asikuachie hata usipotulia.

Ni mimi nikupendaye, simu uikate usiikate,
Mjomba wako, Mwashi.