Pacha Wangu Ameghairi Majibu Yangu

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi ya mawingu, manyunyu mepesi, upepo hakuna.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa, ni mazoea ya shajara. Mimi ni karani wa ghala la vipuri, nina pacha wa kufanana, msusi, tumetoka yai moja, nikamtangulia kwa dakika chache ambazo hajanisamehe hadi leo, ndiyo maana huniita "bimkubwa". Mama yetu alikuwa fundi cherehani, akapata ule ugonjwa wa ukoo unaofanya mikono ichezecheze bila ruhusa ya mwenyewe, kisha miguu, kisha akili, mpaka ukamchukua, na daktari akatuambia kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, ila sisi wawili nusu yetu ni moja, akiwa nao mmoja basi na mwingine anao.

Siku hizi kliniki ya jeni inasoma herufi za mwili wako kutoka kwenye kichupa cha damu, na kuna dawa ya kuizima jeni ya ugonjwa huo ambayo bado inajaribiwa, na wanaojaribiwa ni wale waliojua mapema, basi nikataka kujua. Pacha akakataa katakata. "Ukijua wewe nimejua mimi," akaniambia huku ananisuka, "uso wako hauna pazia, na uso wenyewe ni wangu!" Nikamwambia mwili ni wangu. "Wako? Bimkubwa, hiyo ni nakala!" Tukacheka, nikaona yameisha, nikaenda kutoa damu.

Jana nilikwenda kuchukua majibu, muuguzi wa mapokezi akanitazama akasema, "Dada, si ulikuja Ijumaa ukasema umeghairi? Ukaweka saini kabisa, na ulivyonichekesha, mbavu sina!" Hapo nikajua si mimi, maana sijawahi kumchekesha muuguzi, na kitambulisho changu, kilichopotea nikamshuku fundi bomba wiki nzima, kilikuwa kimerudi mkobani chenyewe. Majibu hayajatupwa, yamefungiwa, ila kwa kuwa faili linasema nimeghairi ni lazima nimwone daktari upya, Alhamisi ya tarehe 25.

Jioni pacha akaja kwangu, akavua viatu, akauliza, "Vipi, wamekupa?" Nikasema bado. "Pole, bimkubwa," akasema, bila kupepesa macho. Mshauri, niende kimya kimya, nimtolee uvivu, au niache kabisa? Usiku nilijigeuza kitandani mpaka nikalala saa nane kasoro dakika kumi.

JIBU

Bimkubwa, pole, na nimecheka, nisamehe. Umetapeliwa na uso wako mwenyewe, polisi wataanzia wapi?

Pacha wako amekosa, tena sana. Huwezi kumwibia mtu kitambulisho ukamghairia maisha yake, hata kama mnafanana mpaka visigino. Lakini nawe acha kujifanya malaika. Ulicheka naye ukaamua peke yako kwamba "yameisha" kwa sababu ilikufaa. Kwake yalikuwa hayajaanza.

Sasa fikiri jambo ambalo hukuliona. Ijumaa alisimama pale mapokezi na kitambulisho chako na uso wako. Angekaa kwenye foleni angeambiwa kila kitu. Hakukaa. Akachekesha watu, akaweka saini, akakimbia. Huyo hakutakii mabaya, anaogopa mpaka anachekesha. Mwamini anaposema hataki kujua.

Nenda Alhamisi. Mwili ni wako, nakala au asili. Lakini kabla ya hapo mwambie ana kwa ana, na isiwe wakati ameshika nywele zako. Mwambie unajua alichofanya, na kwamba unakwenda. Kisha mkubaliane: majibu yakiwa mabaya hutasema, yakiwa mazuri hutasema, mpaka aulize mwenyewe. Mazuri pia, umenisikia? Ukijiruhusu kuropoka habari njema tu, siku utakayonyamaza utakuwa umeshamwambia. Na kwa kuwa uso wako hauna pazia, mwezi wa kwanza baada ya majibu usimtembelee. Ukitaka kulia, kalie kwa mnasihi wa kliniki, analipwa kwa hilo. Hao wa kliniki nao waambie mko wawili, wakupe neno la siri, na lisiwe "bimkubwa".

Usiende ukidhani unafuata tiba. Dawa iko majaribioni, hakuna aliyeahidi kitu. Wala kuwa na jeni si kuugua kesho: mama yenu aliishi nayo tangu tumboni, na aliwashonea watu nguo miaka na miaka kabla haijamgusa.

Na ukifika Alhamisi ukamkuta ameshaketi kwenye benchi la kliniki, sogea ukae karibu naye. Usimuulize amekuja kama nani.