Kibao cha Mkorosho Mwekundu wa Lupaso

Jumamosi. Asubuhi nimeiacha Newala imefunikwa na ukungu, na baridi ya kipupwe ikipenya mpaka kwenye mifupa. Jana sikulala vizuri. Leo sitajifanya jasiri: naogopa.

Nianze na kazi yangu, maana hata ndugu zangu hawaielewi na wananiita fundi rangi. Kazi yangu ni kuangalia majani ya mikorosho. Ikichipua, mingine hutoa majani machanga yenye wekundu wa damu ya mzee, mingine hutoa ya kijani. Baada ya muda mfupi yote huwa kijani, ndiyo maana lazima niwahi shambani kuyaandika kabla hayajabadilika. Mradi wetu ulichavusha mti mwekundu kwa chavua ya mti wa kijani, ukapanda watoto wao kwenye shamba la majaribio, na wataalamu wanatafuta ni wapi hasa kwenye vinasaba rangi hiyo imekaa. Wakipajua, mche utachaguliwa ukiwa bado kitaluni, bila kungoja miaka mpaka uzae. Nilikuwa naiona kazi safi, isiyoweza kumuumiza mtu.

Mti mwekundu uliotumika kama mama uko Lupaso, shambani kwa shangazi yangu, Mama Agnesi.

Juzi majibu ya maabara yalirudi. Rangi imekaa mahali pamoja tu, panaonekana wazi kabisa, na ofisini tulipongezana. Kisha mkuu wetu akasoma ukurasa uliofuata. Jirani kabisa na ile rangi, kama wapangaji wa nyumba moja, pamekaa udhaifu wa kushikwa na mnyauko, ugonjwa unaokausha mkorosho tawi kwa tawi. Mtoto akirithi kimoja, karibu kila mara anarithi na kingine. Nilitoka nikapita kwenye mistari yetu kuhakikisha kwa macho yangu. Miche iliyokauka ilikuwa ile niliyoiandika nyekundu.

Yote.

Mkuu akasema tusitoe neno nje mpaka tuone msimu mwingine, kwa sababu hili ni shamba moja na udongo wa aina moja. Kitaalamu hajakosea. Lakini yeye hana shangazi Lupaso.

Kwa hiyo leo nimekwenda, bila kumuaga mtu. Nilitegemea kuuona mti mmoja mwekundu. Kuanzia mashamba ya mwanzo ya kijiji nikaona mikorosho yenye vichwa vyekundu, pande zote mbili za barabara, inapendeza hasa. Nikamwambia wa bodaboda asimame kidogo.

Kosa ni kibao. Kabla sijaajiriwa, mradi ulipigilia kibao cha bati kwenye shina la mti wa shangazi, chenye herufi na namba, ili usichanganywe na mingine. Maana yake ni hiyo tu: huu ndio tunaouchunguza. Ila kwetu huku nani amewahi kuona serikali inakuja na gari kupigilia kibao kwenye kitu kibaya? Watu wakasema mti umepasishwa. Wakakata vichwa vya mikorosho yao ya zamani, wakamiminika kwa shangazi kuomba vikonyo vya kubebesha, yaani vijiti vya mti wake vya kupandikiza kwenye mashina waliyoyakata. Na kikonyo huku hakiuzwi, wala jirani hanyimwi. Unampa, anakushukuru, anakwenda kuwapa wenzake.

Shangazi aliitikia shikamoo yangu huku akicheka, akanishika mkono kunionyesha shamba. Amebebesha mikorosho yote. Hakubakiza hata mmoja wa zamani. Alikuwa anaigusa akipita na kusema huu ni ada ya chuo ya Agnesi wangu, ule ni bati la nyumba.

Kwenye kona ya chini nikaona tawi ambalo majani yake ya upande mmoja yamegeuka kahawia. Akasema ni salfa tu, ile dawa ya kupuliza mikorosho, imeunguza, alipuliza jua likiwa kali. Nilitamani sana iwe salfa. Nikavunja kijiti, nikakuta ndani kuna michirizi ya kahawia inayoteremka kuelekea kwenye shina. Salfa haiunguzi ndani.

Nikamwambia yote. Nilimweleza vibaya, nikirudiarudia maneno, na yeye alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kile kijiti. Hakulia. Aliniambia kwamba kesho wakitoka kanisani watakuja watu wa vijiji vya jirani kuchukua vikonyo, na amekwisha kuwakubalia.

"Nikiwakatalia mimi watasema nina choyo," akasema. "Kibao mmekileta ninyi, mwanangu. Kakitoeni ninyi, watu wakiona."



Naandika nikiwa barazani kwake, jua halijazama. Nimeamua kutorudi Newala leo. Kesho nitakuwa pale kwenye mti kabla yao, na nitakibandua kile kibao mbele ya kila mtu. Huenda Jumatatu nisiwe na kazi. Inaniuma, maana kazi hii naipenda, lakini siwezi kukaa kimya nikiwaangalia wakifunga vikonyo kwenye vitenge vilivyoloweshwa, wakibeba ugonjwa kama zawadi.

Watauliza kwa nini, nitawaeleza. Watakaokuwa hawajabebesha watarudi nyumbani wakinung'unika, watapona. Ila kuna atakayeuliza afanye nini na shamba alilokwisha kulibebesha lote, na hapo ndipo sina neno.

Shangazi bado hajaniuliza. Tangu tuachane yuko shambani peke yake, anakwenda mti hadi mti, anavunja kijiti, anachungulia ndani, kisha anahamia unaofuata bila kuniita.