Udongo wa Mwisho wa Reli

Adelphi, Maryland
4 Agosti 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuuma. Wazir anakusalimia sana, ameshakwenda kazini. Mimi sijambo, ila huyu mjukuu wako, mwezi wa tano sasa, amenigeuza mwehu. Sitaki wali, sitaki samaki, nataka udongo. Nimezunguka maduka ya Wheaton mpaka nikaona haya. Chakula cha paka kipo cha kila aina, udongo wa kula hawana!

Juzi ilinyesha mvua, harufu ya udongo ikanifuata kazini, kule ghalani Beltsville tunakofungasha vikombe. Nyuma ya ghala kuna reli ya zamani, imemezwa na nyasi na mataruma yake yameoza. Wakati wa chakula nikaifuata. Inaishia kwenye ukingo wa udongo mwekundu, laini kama sembe. Nikamega. Mama, sijala kitu kitamu hivyo tangu niondoke Tanga. Sasa nachota kwenye kopo la maziwa, nakwenda nao nyumbani. Wazir anasema nitazaa mtungi. Je, nile au niache?

Mwanao,
Nunu

Tanga
27 Agosti 1997

Nunu mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani Mwatumu akaja kuuliza kuna nini. Miguu ni ileile, ila sokoni inanifikisha, alhamdulillahi. Msalimie mkwe wangu, mwambie mtungi nao nitaulea.

Kula, mama. Nani amekufa kwa udongo? Wewe mwenyewe nilikubeba kwa udongo, na hebu jione ulivyo na mdomo. Ila usiule mbichi kama kuku. Uanike, kisha uukaange kidogo na chumvi, na kiungulia kitakwisha.

Halafu nieleze hiyo reli. Mimi mjane wa fundi wa mabehewa, siwezi kusikia habari ya reli nikanyamaza. Kila reli ina kilichoipeleka mahali: mkonge, mbao, saruji. Hiyo yenu ilifuata nini hapo? Muulize mtu.

Mama yako

Adelphi
12 Oktoba 1997

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Hali yangu ni ya kuvumilia. Vidole vinakufa ganzi, nadhani ni vile vikombe, na nikishakula tumbo linanisokota. Mjukuu wako naye amekuwa mpole, hachezi kama mwezi uliopita. Labda amerithi ukimya wa babu yake.

Reli nimekuulizia. Pale getini yupo mlinzi mzee, Bwana Phineas, mzaliwa wa hapahapa. Anasema ililetwa na kiwanda cha matofali, enzi za baba yake. Udongo ulichimbwa palepale, matofali yakapakiwa kwenda kujenga Washington. Umeona? Nakula nyumba za wakubwa! Udongo mzuri ulipokwisha kikaja kiwanda kingine, cha dawa ya kuulia wadudu wa matunda. Mabehewa yalileta mapipa ya unga mweupe, na kabla ya kurudi yalioshwa pale mwisho wa reli. Lakini hayo ni ya zamani, Mama. Mvua ngapi zimepita hapo?

Kliniki nesi aliniuliza kama nakula kitu kisicho chakula. Nikasema hapana. Ningemwambiaje? Angeniona mshamba. Usiwe na wasiwasi, kopo langu limejaa.

Mwanao,
Nunu

Tanga
30 Oktoba 1997

Nunu,

Salamu utanisamehe leo. Acha huo udongo. Mwaga kopo lote, na usimwonjeshe mtu.

Tulipokuwa Korogwe, wewe hujazaliwa, lilikuja behewa lililobeba dawa ya pamba. Likafagiliwa, likaoshwa, likaondoka. Mvua zikanyesha, masika na vuli. Mwaka uliofuata mbuzi wa jirani wakawa wanalamba ardhi palepale. Walianza kwa kuchechemea, Nunu, miguu imekufa ganzi. Waliokuwa na mimba wakaziharibu zote. Baba yako hakutaka tupite hapo hata na viatu. Haya nilikuwa nayajua. Nilikwambia kwanza ule, ndipo nikauliza reli ilibeba nini. Ulimi wangu ulitangulia, na sijui nitajisamehe vipi.

Nimekwenda kupiga simu, inaita tu, nyote mko kazini. Barua hii anakuja nayo Shamte wa barabara ya kumi na tano, anasafiri Jumapili. Ukiisoma, nenda hospitali siku hiyohiyo umwambie nesi kweli. Kama ni aibu, mwambie ni mama yangu mshamba ndiye aliyenifundisha. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi.

Mama yako

Tanga
22 Januari 1998

Mwanangu Nunu,

Sijui nianze na salamu gani. Shamte amerudi. Anasema barua alikukabidhi mkononi, na uliisoma ukiwa umesimama mlangoni. Tangu hapo sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako.

Jana Wazir alipiga simu kwa Mwatumu, nikaitwa, nikakimbia bila viatu. Akasema umejifungua, umetoka hospitali, unakula kidogo. Nikamuuliza, mtoto? Akasema, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza anaanza kuzungumza. Nikaitikia. Nikauliza, wa kike au wa kiume? Akanisalimia tena. Nikaitikia tena, mwanangu, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumtesa. Kisha simu ikakatika.

Usinifiche kama ulivyomficha nesi. Sikulaumu hata chembe. Wa kulaumiwa ni mimi, na kama hutaki kunisemesha una haki. Barua ndefu siitaki. Lakini tumeingia kumi la mwisho la Ramadhani, nakaa kwenye mswala, na nikifika kwenye dua nakwama, sijui nimwite nani. Najua mlimpa jina.

Niandikie jina lake tu.

Bibi yake