Hamira Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amelisukuma bakuli la supu mpaka ukingoni mwa meza. Tumbo limemjaa gesi tangu juzi, linanguruma hadi mimi niliye jikoni nalisikia. Akanikazia macho. "Umetia nini humu?"

Mbele ya mwanawe!

Nikamwambia nimetia vile vile vya siku zote — kitunguu, chumvi, na kijiko cha hamira. Mume wangu akainamia bakuli lake kama aliyedondosha kitu ndani. Hata kikohozi hakutoa.

Hamira yenyewe ni ya kwetu kazini, kila mfanyakazi hupewa pakiti. Ni mimi niliyemwanzishia mama baada ya ile homa iliyomkondesha. Ina vitamini, inarudisha nguvu. Amekuwa akiila, na mashavu yakamrudi. Leo nimekuwa mchawi. Na yule niliyeolewa naye anatafuna tu.

Jumanne, 5 Machi

Kuna jambo kwenye silinda zangu. Nimeliona asubuhi na sijaacha kuliwaza.

Hamira hutufikia kutoka kiwanda cha bia. Ni ile inayobaki chini ya matangi ikishamaliza kazi yake — rojo la rangi ya udongo, linanuka mkate na uchungu. Inachujwa, inaoshwa uchungu utoke, inapashwa moto tangini hadi ife. Lazima ife. Ndipo inaletwa kwangu. Silinda mbili za chuma zinazunguka zikitazamana, ndani zimejaa mvuke. Rojo linajipaka juu ya chuma, na kabla mzunguko haujaisha limeshakauka, kisu kirefu kinalibandua kama karatasi. Huwa linalia, kwacha-kwacha. Likisagwa linaingia gunia, na gunia linakwenda kwa wanaotengeneza supu ya unga ya mahospitali.

Wiki iliyopita lilikuwa likilia kwa unyonge, leo halikulia kabisa. Limetoka teketeke, linanata kisuni kama utando wa maziwa.

Geji ya mvuke: mshale umelala chini ya alama yake. Nikaugonga kwa kidole. Umelala tu. Na mvuke wote wa kiwanda, wa tangini na wa kwangu, unatoka kwenye boila. Na boila anaiendesha mume wangu.

Nikamwambia msimamizi. Tunamwita Sawasawa, maana hilo ndilo jibu lake hata ukimwambia paa linaungua. "Punguza mwendo wa silinda, itakauka. Sawasawa?" Hakuuliza hata imeanza lini. Mtu asiyeuliza imeanza lini, anajua imeanza lini.

Na dada wa maabara, anayepima kama hamira imekufa, kapewa likizo wiki iliyopita. Hakuiomba! Mwenyewe aliniambia anashangaa.

Jumatano, 6 Machi

Wifi amekuja. Eti kapita tu. Kapita tu na nguo za kubadilisha!

Amefunua sufuria zangu moja moja. Amenusa mafuta. Chumvi ameionja, akatema, akaionja tena — sijui alitegemea itageuka nini. Pakiti ya hamira kaishika kwa ncha za vidole. Nikamsikia chumbani akimnong'oneza mama kwamba siku hizi wanawake wanachanganya vitu polepole, huwezi kujua mpaka umeshalazwa. Mama akasema na yeye ameshalifikiria hilo.

Nikakohoa mlangoni. Wakaanza kusifia mapazia.

Mume wangu anavaa mikono mirefu tangu wiki iliyopita. Mwendesha boila! Kule ambako watu wanatamani wavue na ngozi. Nikamuuliza. Anasema anasikia baridi.

Baridi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya jaribio.

Glasi mbili. Maji ya uvuguvugu, sukari kidogo kila moja. Huku nikatia hamira ya pakiti ya zamani, huku ya pakiti hii mpya, niliyopewa wiki iliyopita. Nikazifunika sahani nikaosha vyombo. Ya zamani imezama, imetulia chini kama tope. Ndivyo inavyotakiwa, imekufa, ni chakula tu. Ya pili — povu! Limepanda likasukuma sahani, linachemka lenyewe bila moto.

Iko hai. Iko hai na mama mkwe amekuwa akiimeza, nayo imekuwa ikiumuka tumboni mwake kama kwenye unga.

Kwanza nilicheka peke yangu. Si mimi! Si mchawi mimi! Kisha kicheko kikanikatika. Magunia. Yale ya wiki nzima. Kuna mtu kalazwa mahali, hawezi hata kukaa, analishwa supu hiyo kwa kijiko.

Na hamira haifi kwa sababu moto hautoshi. Moto ni wa nani?

Ijumaa, 8 Machi

Nimemfuata. Sijawahi kumfuata mume wangu popote tangu tuoane, leo nimebana nyuma ya mapipa ya kwenye boila kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimeshajitungia kisa kizima: anauza mafuta ya boila, ana mtu, wanakula pamoja.

Sawasawa alikuwa naye. Dirisha lilikuwa wazi. Sawasawa alisema asipandishe mvuke, bomba jipya bado halijaja, aendeshe hivyo hivyo na asimwambie mtu. Mume wangu akasema kitu sikukisikia. Sawasawa akamjibu kwamba wako wengi wanaoitaka kazi hii.

Kisha mume wangu akakunja shati ajipanguse jasho. Mkono umefungwa kitambaa, toka kiwiko hadi kwenye kifundo. Kitambaa cha maua ya bluu.

Nakijua kitambaa hicho. Ni shuka la zamani la mama.

Kwa hiyo mama anajua! Mimi ninayelala naye kitanda kimoja naambiwa baridi, mama yake anamfunga vidonda!

Jumamosi, 9 Machi

Wifi alikwenda sokoni. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaandaa tena glasi mbili, nikamwekea mama mezani, nikamweleza yote: boila, silinda, tumbo lake. Alizitazama muda mrefu. Povu lilikuwa likipasuka taratibu.

"Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi, Mama."

Akaigusa glasi yenye povu kwa kidole. Kisha, polepole: "Ni mwanangu."

Nikamwambia ameamrishwa, nimesikia kwa masikio yangu. Hakunisikiliza. Alinyanyuka, akaichukua ile glasi yenye povu, akaimwaga kwenye sinki na kufungulia maji juu yake. "Usiseme huko kazini, mwanangu."

Mwanangu! Wiki nzima nilikuwa "wewe".

Mchana akala supu yangu yote. Akamwambia wifi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea, alikula vibaya, tumbo la uzee. Wifi alinitazama kama kwamba hilo nalo nimelifanya kwa dawa.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mume wangu avue shati. Akaanza na baridi yake. Nikasema, vua.

Kidonda ni kirefu, ngozi imekunjamana. Bomba la boila limepasuka, mvuke ulimrukia. Ameliziba kwa viraka. Akipandisha mvuke kufikia alama, viraka havitashika. Akikataa kazi, wataleta mwingine asiyejua kuna ufa, naye atapandisha. Ndiyo maana hakuondoka. Ndivyo anavyosema.

Nikamuuliza kwa nini alimwambia mama na mimi hakuniambia.

"Mama hulia tu. Wewe ungekuja kunitoa pale kwa mkono."

Kweli ningekuja.

Hakujua kwamba hamira inatoka hai. Alidhani ni unyevu tu. Nilipomweleza alikaa chini. "Na Mama ameila?" Ameila, nikamwambia, na ukamwacha anaiita sumu yangu, nawe unakunywa supu. Aliomba radhi, lakini akiutazama mlango.

Namwamini? Namwamini kuhusu bomba. Kuhusu kutojua — sijui. Amekaa na mimi miaka akinisikia nikihubiri kwamba lazima ife.

Jumatatu, 11 Machi

Silinda zile zile, utando ule ule. Sawasawa kapita mara nyingi kuliko kawaida, mikono nyuma. Ananichekea. Hajawahi kunichekea. Nani amemwambia nini? Kesho anakuja mkaguzi wa wale wateja wa supu, tumeagizwa kusafisha hadi chini ya ngazi.

Nyumbani mama kanisugulia sufuria. Hatuongei, tunapishana jikoni kwa adabu kama wageni wa hotelini.

Jumanne, 12 Machi

Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi. Mwandiko mbaya, magoti ndiyo meza.

Mkaguzi ni mwanamke mtu mzima, mpole, viatu vya mpira. Alisimama karibu na silinda zangu. Sawasawa akapiga simu kule kwenye boila, sauti ya chini, lakini nilikuwa ubavuni: "Pandisha. Pandisha sasa hivi, mgeni anaangalia."

Mshale ukaanza kunyanyuka. Rojo likaanza kulia, kwacha-kwacha, karatasi nzuri, ya dhahabu, kavu. Mkaguzi akatabasamu. Mimi nilikuwa nautazama mshale tu. Unapanda, unapanda, na nilijua ni nani amesimama kando ya ule ufa.

Nikapiga kelele. Sijui nilianza na lipi. Zimeni boila, bomba limepasuka, mume wangu yuko pale, hamira ya wiki nzima iko hai, magunia msiyachukue! Yote kwa pumzi moja. Sawasawa alinishika bega. Mkaguzi akamwambia aniachie, kisha akasema, zimeni.

Wamezima. Silinda zimepoa na rojo limegandia juu yake, litabanduliwa kwa patasi. Mume wangu alitoka mzima. Alinipita bila kunitazama, wakamwingiza ofisini.

Mlango ni wa mbao nyembamba, nasikia yote. Sawasawa anasema hajawahi kutoa amri yoyote. Anasema mwendesha boila alipunguza mvuke kwa uamuzi wake, akaficha. Anasema hata habari ya bomba hakuambiwa. Mkaguzi anauliza: ni kweli? Mume wangu kimya. Kimya kile kile cha kwenye supu! Sema, mtu wewe. Sema!

Simu inatetemeka mfukoni. Ni mama. Nani kamwambia? Sijapokea.

Mkaguzi anauliza kama kuna aliyesikia amri hiyo ikitolewa. Ninayo yote kichwani, ya dirishani na ya simu. Nimeshanyanyuka.

Sasa Sawasawa anacheka kidogo. Anasema yupo mmoja, yuko hapo nje, atasema chochote ili mumewe aokoke.

"Mwiteni mkewe," anasema mkaguzi.